Vazi la Sultani: Habari za Jina la Ufalme wa Kilwa na Watu Waliolivaa

Tunazungumza nanyi kutoka Mingoyo, mahali ambapo hori ya Lindi inakoma, na maji ya chumvi yanakutana na maji ya mto Lukuledi. Asiyepajua Mingoyo huenda anapajua Mnazi Mmoja, njia panda ya watu waendao Lindi, Masasi na Mtwara. Kazi yetu sisi ni kufundisha vijana ambao nao watakwenda kufundisha, na habari tunayotaka kuwasimulia leo ilianza chuoni, kwa ugomvi.

Walikuwapo vijana wawili, ambao majina yao hatutayataja. Mmoja kwao ni upande wa Kilwa, na wazee wake hujihesabu kuwa Washirazi. Wa pili kwao ni bara, njia ya Masasi. Siku hiyo wenzao walikuwa wakichagua kiranja wa bweni, na wote wawili walikuwa wakitajwa. Ndipo yule wa Kilwa aliposema, nusu kwa mzaha, kwamba watu wa kwao hawajapata kuongozwa na wajukuu wa watu walioteremka pwani wamefungwa kamba. Wengine wakacheka. Yule wa bara hakujibu neno. Alikusanya vitabu vyake, akatoka, na kwa muda wa siku tatu hakufungua kinywa darasani.

Sisi tulizipata habari hizo siku ya nne. Adhabu ingalikuwa rahisi kuitoa, lakini adhabu haiondoi neno lililokwisha kuingia sikioni. Basi tuliazimu kuwasomesha wote wawili, pamoja na darasa zima, habari za masultani wa Kilwa, tangu wa kwanza hata wa mwisho, ili waone jina lile ni nini, walilivaa watu gani, na gharama yake ililipwa na nani. Ndiyo habari tunayowaletea ninyi leo.

Yatupasa kwanza kutenga mtu na cheo chake. Mtu huzaliwa, huishi, kisha hufa. Cheo hakifi pamoja naye. Hukaa kama vazi lililotundikwa ukutani, likimngoja mwenye kufuata. Yuko atakayelivaa likamwenea, yuko ambaye litampwaya, na yuko ambaye litambana hata ashindwe kupumua. Vazi la Sultani wa Kilwa lilivaliwa kwa karne nyingi, na waliolivaa walikuwa watu wa kila namna: mkarimu kupita kiasi, bahili, mzee mwenye haya, mwenye hasira, na mfanya biashara.

Habari zao twazipata kwa njia tatu. Ya kwanza ni Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu na mtu wa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 16. Ya pili ni maandiko ya wageni, yaani Ibn Battuta wa Moroko, aliyefika Kilwa mwaka 1331, na João de Barros wa Ureno, aliyechapisha habari za Kilwa mwaka 1552. Ya tatu ni ardhi yenyewe, kwa maana katika miaka ya 1950 na 1960 Neville Chittick alichimba magofu ya Kilwa Kisiwani, akatoa sarafu, vigae na maandishi ya mawe.

Sasa tuanze na mwanzo. Tarikh yasimulia kwamba watu walitoka Shirazi katika merikebu saba, baba na wana sita, kila merikebu ikashika mji wake, na ya sita ikafika Kilwa. Kisiwa kilikuwa mali ya mkuu mmoja wa bara. Mgeni alipotaka kukinunua, yule mkuu alikubali kwa sharti moja, kwamba apewe nguo ya kutosha kukizunguka kisiwa chote. Nguo ikatandazwa, kisiwa kikauzwa, na mkuu akahama kwenda bara. Lakini moyoni aliazimu kurudi kwa vita. Wakati ule, maji yakipwa, watu waliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara. Basi wenye kisiwa wakachimba mkondo. Yule mkuu aliporudi na watu wake alisimama ufukoni akingoja maji yatoke, na maji hayakutoka. Akarudi kwake kwa majuto.

Hiyo ndiyo hadithi, nasi hatuichukui yote kuwa historia. Hata hivyo sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, anayehesabiwa kuwa sultani wa kwanza, zimeokotwa kweli, wala hakuna shaka kwamba mtu mwenye jina hilo alitawala. Katika darasa letu tuliwaambia vijana waangalie jambo moja tu: tangu siku ya kwanza cheo hiki kilikuwa na bei, na bei yake ilihesabiwa kwa nguo. Nguo itarudi tena mbele katika habari zetu.

Tunapita masultani wengi, tunamfikia aliye mashuhuri kuliko wote, al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14. Tarikh yasema kwamba alipokuwa kijana wa miaka kumi na minne alisafiri kwenda Aden, akakaa miaka miwili akitafuta elimu, kisha akaenda Maka kuhiji. Aliporejea Kilwa alikuta baba yake amekufa, na ndugu yake Daud ameketi katika kiti. Je, ndugu yake alimfanyia vita? La. Daud alikuwa akikishika kile kiti kwa niaba yake tu, na nduguye alipofika akakiacha bila ya ugomvi. Wasikilizaji, tafadhalini likumbukeni jambo hili, kwani huyu Daud baadaye alipewa sifa mbaya.

Al-Hasan alitawala wakati Kilwa ilipokuwa imejaa mali. Dhahabu ya bara ilishuka Sofala, na watu wa Kilwa ndio waliokuwa wakiishika biashara ya Sofala. Sultani akajenga nyumba juu ya mwamba ulioelekea bahari, nayo ndiyo iitwayo leo Husuni Kubwa. Ina vyumba zaidi ya mia moja, viwanja, ngazi ziteremkazo pwani, na birika la kuogea lenye pembe nane. Jina lake lilichongwa katika jiwe, likaonekana katika machimbo. Dinari tatu za dhahabu zenye jina lake zajulikana mpaka leo, na sarafu yake ya shaba imeokotwa mbali sana, Great Zimbabwe. Hata katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, mwaka 1944 askari mmoja aliokota mchangani sarafu tano za shaba za Kilwa. Lakini wachimbaji waona kwamba ile nyumba kubwa haikumalizika kabisa, wala haikukaliwa kwa muda mrefu.

Watu walimpa lakabu, wakamwita Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Ibn Battuta alipomwona mwaka 1331 alistaajabia unyenyekevu wake, kwa kuwa mfalme yule aliketi na mafakiri, akala nao sahani moja. Kisha ameandika kisa hiki.

Siku moja ya Ijumaa sultani alikuwa akitoka msikitini kwenda nyumbani kwake. Akakutana na fakiri mmoja kutoka Yemeni, akamwita kwa lakabu yake. Sultani akamwitikia, akamwuliza haja yake. Fakiri akasema kwamba anazitaka nguo alizozivaa sultani mwilini. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe palepale, na sultani akakubali tena. Akarudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akazivua nguo zake, akavaa nyingine, akamruhusu yule fakiri aingie akazichukue. Fakiri akazifunga katika kitambaa, akajitwisha kichwani, akaenda zake. Watu wakamshukuru sana sultani wao.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mtoto wa sultani, aliyekuwa mrithi, aliona si vizuri nguo za mfalme ziende zake namna ile. Akazikomboa kutoka kwa fakiri, akampa watumwa kumi badala yake. Naye sultani, alipopata habari za jinsi watu walivyomsifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Wasikilizaji, yatupasa kukiri kosa letu mbele yenu. Kisa hiki tulikisomesha miaka mingi. Kila mwaka tuliwaeleza vijana ukarimu wa mfalme, tukawakumbusha kwamba kutoa ni moyo wala si utajiri, kisha tukafunga kitabu. Mwaka huu, yule kijana wa bara alipokuwa ameketi nyuma kimya, tulipofika penye watumwa kumi, na tena kumi, ulimi wetu ukawa mzito. Kumi na kumi ni watu ishirini, watu waliotolewa kama fidia ya kanzu. Jina la mfalme twalijua. Habari za fakiri twazijua, hata nchi alikotoka. Lakini wale ishirini, hapana aliyeandika hata jina la mmoja. Na Ibn Battuta mwenyewe ameeleza mali ile ilikotoka: sultani alikuwa akipeleka vita mara kwa mara katika nchi za bara, akateka, kisha akaigawa nyara. Vipawa vya Baba wa Vipawa vilikuwa na wenyewe kabla havijawa vipawa.

Basi al-Hasan akafa, na Daud ndugu yake akalivaa lile vazi. Hapo mambo yakageuka. Ibn Battuta ameandika kwamba mwombaji alipomwendea Daud, Daud alimjibu kuwa mtoaji amekufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi, ndipo akawapa kidogo tu, hata wakaacha kabisa kubisha mlangoni pake. Kwa hiyo Daud amebaki katika vitabu kama bahili.

Lakini tuliwauliza vijana: Je, Daud alisema uongo? Tarikh yaeleza kwamba katika zamani za Abu al-Mawahib msikiti mkuu wa Kilwa uliporomoka, likabaki kuba moja tu alimokuwa akisali yeye. Msikiti umeanguka, nyumba ya mwambani haijamalizika, na hazina imegawiwa wageni: huo ndio urithi alioupata Daud. Mtu ambaye zamani aliweza kukiacha kiti kwa hiari yake hakuwa mwenye tamaa. Huenda alikuwa ndiye mtu wa kwanza mjini kuihesabu hazina. Msifiwa aliondoka na sifa zake, na aliyebaki akaachiwa madeni pamoja na jina baya. Mambo haya yapo mpaka leo, katika nyumba zetu hata katika shule zetu.

Wala si Kilwa peke yake. Huko Ireland, katika visiwa vya magharibi ya Ulaya, vyeo vya namna hii vilirithiwa baba kwa mwana, na mara kwa mara alitokea mwenye cheo aliyeshangaza watu. Alikuwako mmoja aliyeitwa Viscount Kingsborough, mrithi wa Earl wa Kingston. Huyu aliona katika maktaba ya Oxford kitabu cha picha cha watu wa kale wa Meksiko, akashikwa na mapenzi nacho yasiyo na dawa. Akaajiri mchoraji, akanunua karatasi iliyo bora, akachapisha vitabu vikubwa mno vya habari za Meksiko, ambavyo jumla yake ilifika tisa, viwili vya mwisho vikitoka baada ya kufa kwake. Mali ikamwishia. Mwaka 1837 alifia katika gereza la wadeni mjini Dublin kwa sababu ya deni la karatasi, na baba yake, mwenye cheo, akafa miaka miwili baadaye. Wenye elimu wanamshukuru mpaka leo kwa vitabu vile. Lakini yeye naye hakuchapisha kwa fedha iliyoshuka mbinguni. Ilitoka katika kodi za wakulima wa mashamba ya ukoo wake. Tunalisema jambo hili si kwa kumdharau, ila kuonyesha kwamba mkono wa mwenye cheo ukifunguliwa, yafaa kutazama pia mkono uliomjaza.

Turudi Kilwa. Miaka mingi watu walisali chini ya mahema mahali pa msikiti ule ulioanguka. Hata katika karne ya 15 alitawala Sulaiman bin Muhammad, aliyeitwa al-Malik al-Adil, yaani mfalme mwadilifu. Tarikh yasimulia kwamba mtu mmoja, Haji Rush, alimwomba ruhusa ya kuujenga msikiti kwa mali yake mwenyewe. Sultani hakupenda, akamtolea mithkali elfu moja za dhahabu. Haji Rush akazipokea, akiogopa kwamba akikataa atanyimwa ruhusa. Akajenga msikiti kwa mali yake, na ile dhahabu akaiweka. Sultani alipokufa, Haji Rush akaziita warithi wake, akawarudishia amana yao. Huyu Haji Rush hakuwa sultani. Lakini vijana wetu, walipoulizwa ni nani katika habari zote hizi aliyetoa kweli, walimtaja yeye kwa sauti moja.

Baadaye cheo kikaanza kuwapwaya wenyewe. Nguvu zikahamia kwa mawaziri na maamiri, na masultani wakawa wakiwekwa na kuondolewa. Wareno walipotokea, mwaka 1500, aliyekuwa akitawala Kilwa alikuwa Amiri Ibrahim. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na merikebu zenye mizinga, akamtisha, akamlazimisha kutoa kodi ya dhahabu. Ibrahim akaahidi kuilipa, na akatoa rehani mtu mmoja, mzee tajiri aliyeitwa Muhammad Ankoni. Kisha akakaa kimya asilipe, kwa kuwa alimchukia Ankoni, akatumaini Wareno watamwua. Mzee yule akajikomboa kwa mali yake mwenyewe. Dhahabu ya Kilwa ikapelekwa Ureno, na mwaka 1506 ikafanywa chombo cha ibada chenye kupambwa ajabu, ambacho kipo mpaka leo katika nyumba ya makumbusho mjini Lisbon.

Mwezi wa Julai mwaka 1505 Francisco de Almeida alifika na kundi kubwa la merikebu. Ibrahim akakimbia, mji ukatekwa na kutolewa mali. Almeida alitafuta mtu wa kumvika ufalme, akamchukua Muhammad Ankoni, akamweka kichwani taji la dhahabu, ambalo kwa kweli lilikuwa limeletwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin huko Bara Hindi. Fikirini, wasikilizaji: mzee wa Kilwa amevaa taji la mtu mwingine, amevikwa na adui wa mji wake, na nje nyumba za jirani zake zimevunjwa.

Alifanya nini mzee yule? Alikubali, kisha akaomba jambo moja. Alikuwa na wana, lakini aliomba kwamba yeye akifa wanawe wasirithi. Alitaka cheo kimrudie mtoto wa al-Fudail, sultani wa haki, aliyekuwa ameuawa kabla ya Ibrahim kushika nchi. Hakuna mtu aliyemlazimisha kusema hivyo. Alijua kwamba vazi lile si lake, ni la kushikiwa tu, kama Daud alivyolishika zamani kwa ajili ya ndugu yake.

Maskini, hakudumu. Mwaka uliofuata jamaa za Ibrahim walimwua kwa hila. Mwanawe Haji Hasan akaupata ufalme, akatapanya mali katika kulipa kisasi cha baba yake, akaondolewa. Akafuata yule mtoto wa al-Fudail aliyeombewa na mzee, naye hakupendwa, akaondolewa. Mwisho Ibrahim, yule yule aliyekimbia, akarudi kitini, na mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome yao ya Kilwa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Cheo kiliishi, lakini mali ya zamani haikurudi. Tunaruka sasa mpaka karne ya 18. Tarehe 14 Septemba mwaka 1776, Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa alitia mkono wake katika mkataba na Mfaransa mmoja, Morice. Katika karatasi ile sultani anaanza kwa kujitaja jina na nasaba, baba na babu, na kwamba yeye ni Mshirazi wa Kilwa. Kisha anaahidi kumpa Morice watumwa elfu moja kila mwaka, kwa piasta ishirini kila mtu, na juu yake piasta mbili za zawadi ya mfalme mwenyewe kwa kila kichwa. Mkataba ukaandikwa kuwa ni wa miaka mia. Mtoto aliyejifunza hesabu anaweza kuzidisha: elfu moja mara mia ni watu laki moja. Wengi wao, siku ile mkataba ulipotiwa mkono, walikuwa bado hawajazaliwa, na bei yao ilikwisha kukatwa.

Mkataba huo haukudumu. Kabla ya karne kwisha Kilwa iliingia mikononi mwa watawala wa Oman, na katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho akachukuliwa, akapelekwa Maskati. Cheo kilikoma pasipo vita wala kilio. Lakini biashara ya watu haikukoma pamoja nacho, ila ilizidi, na misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ikateremka Kilwa Kivinje, na mingine ikashuka kwetu huku Lindi. Tena njia hiyo ilipitwa kwa upande wa pili. Mwaka 1876 kundi la watu waliofunguliwa utumwani lilitoka Unguja pamoja na Askofu Edward Steere, likashuka Lindi, likapanda kwa miguu hata Masasi, likajenga mji pale. Njia ile ile iliyowashusha watu wamefungwa, iliwapandisha wengine mikono yao ikiwa huru.

Basi hapo ndipo tulipowapa vijana kazi. Tuliwaambia kila mmoja aende likizoni kwao, awaulize wazee, aandike nasaba yake, upande wa baba na upande wa mama vilevile, mpaka atakapokwama. Upande wa mama tulikuwa na sababu ya kuutaka. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza walichokiona katika mifupa ya watu waliozikwa zamani katika miji ya mwambao wa Kenya na Tanzania. Waliona kwamba tangu kama mwaka 1000 damu ya wanaume waliotoka Uajemi ilichanganyika na damu ya wanawake wa Afrika. Maana yake, wale wazee waliosema kwamba babu zao walitoka Shirazi hawakubuni tu; lakini walisahau kusema bibi zao walitoka wapi.

Likizo ilipokwisha, yule kijana wa Kilwa alisimama darasani na daftari lake. Upande wa baba alisoma majina saba bila ya kusita, kwa kuwa alifundishwa tangu utoto. Upande wa mama alisoma mawili, kisha akanyamaza kidogo. Akasema, “Mwalimu, nilipouliza jina la tatu, bibi yangu alishusha sauti. Akaniambia kwamba mama wa mama yake aliletwa Kivinje angali mtoto, pamoja na msafara. Jina alilopewa na wazazi wake hapana alijuaye. Aliitwa kwa jina alilopewa na waliomnunua.”

Darasa likawa kimya. Tulimtazama yule wa bara, tukiogopa atalipa deni lake sasa, na lau angalilipa, tusingaliweza kumlaumu. Naye akasema, “Basi ndugu yangu, huyo ni bibi yetu sote. Tangu leo nikipita, uniamkie.” Watu wakacheka, na safari hii wote wawili wakacheka pamoja. Kiranja wa bweni alichaguliwa wiki ile ile: kijana wa Mikindani, ambaye muda wote huo alikuwa hasemi neno.

Wasikilizaji, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara tangu mwaka 1981 yamo katika orodha ya urithi wa dunia, na kila mwenye nafasi twamsihi aende akayaone. Utapanda mashua, utazame kuba za msikiti mkuu, utazame birika la pembe nane juu ya mwamba. Ni kazi njema ya mikono ya watu, na ni haki yetu kuionea fahari. Ila ukisimama pale, usiulize tu ni sultani gani aliyejenga. Uliza vilevile ni nani aliyechonga matumbawe, ni nani aliyechoma chokaa, na wale ishirini waliolipwa kwa kanzu walikwenda wapi.

Sisi nasi twaitwa Mwalimu, nalo ni vazi. Watu hutuamkia njiani kwa sababu yake, hata wasiotujua. Walilivaa wengine kabla yetu, na vijana hawa watalivaa baada yetu. Tungependa, siku tutakapolivua, wasilikute na deni ambalo watu wengine walililipa kwa ajili yetu. Nanyi, kila mmoja na cheo chake, awe jumbe au karani, awe baba wa nyumba au mkubwa wa kazi, chukueni daftari jioni ya leo, muwaulize wazee wangali hai, mwandike majina, hasa yale ambayo sauti hushushwa yanapotajwa.

Kwaherini.